Akriliki juu ya paneli ya gemu: ubao utangulie

Akriliki, ile plastiki ngumu inayofanana na kioo, mara nyingi hupasuka mwishoni mwa kazi, biti ya drili ikiwa imebakiza nusu milimita kutokea upande wa pili. Biti ya kawaida imenolewa kwa ajili ya chuma na mbao, makali yake yanang'ata na kujivuta mbele yenyewe. Inapokaribia kutokea inaipandisha karatasi ya plastiki kutoka mezani, na kwa kuwa akriliki haivumilii kupindwa ghafla, inaachia ufa. Kwa hiyo mambo mawili yanabeba kazi yote: kifaa kikwangue badala ya kung'ata, na ubao wa paneli ukatwe na kutobolewa kwanza, plastiki iufuate.

Maelezo haya ni ya paneli ya kawaida ya banda la gemu: ubao wa MDF (wa unga wa mbao uliogandamizwa) au plaiwudi chini, picha iliyochapwa katikati, akriliki ya mm 3 juu. Sentimita 40 kwa 25 zinamtosha mchezaji mmoja mwenye jostiki na vitufe 8. Wawili wanataka kama 70 kwa 30, wasigongane viwiko.

Karatasi yenyewe

Karatasi nzima ni futi 4 kwa 8, yaani mm 1220 kwa 2440, na wewe hutaihitaji yote. Mafundi wa mabango hubaki na vipande, waulize hao kwanza. Chukua kipande kinachozidi kipimo chako kwa sentimita 1 kila upande, na kingine kidogo cha majaribio kutoka karatasi hiyohiyo. Angalia utando wa kinga uliobandikwa usoni. Karatasi iliyoegeshwa juani mbele ya duka kwa miezi, utando wake hugandana na plastiki na kung'oka vipandevipande. Jua la Dodoma halisamehe hapo, iache.

Hakikisha unachouziwa ni akriliki na si polikaboneti, kwa maana kwa macho zinafanana. Chukua ukanda mwembamba, vaa miwani, uukunje. Akriliki inavunjika kwa kishindo, polikaboneti inakunjika na kubaki imekunjika. Ukiwa na shaka bado, shika kipande kidogo kwa koleo ukiwa nje, ukiwashe. Akriliki inaendelea kuwaka na kutoa harufu tamu ya matunda, polikaboneti inatoa masizi na kuzimika ukiondoa moto.

Wengi hushauri polikaboneti kwa sababu haipasuki. Kwa paneli yenye ubao chini yake sisi tunachagua akriliki. Ubao unabeba vishindo vya viganja, kwa hiyo kutopasuka kwa polikaboneti hakuna kazi, ilhali ulaini wa uso wake una madhara: vumbi la kiangazi likikaa chini ya mikono ya wachezaji ni msasa mtupu, na baada ya muda mfupi picha inaonekana kama kupitia ukungu. Polikaboneti iwe ya paneli isiyo na ubao.

Akriliki nayo ni ya aina mbili, ya kumiminwa na ya kusukumwa kiwandani. Ya kumiminwa inavumilia joto la biti, ya kusukumwa inalainika upesi na kunata kwenye meno. Kipande cha majaribio kitakuonyesha uliyonayo.

Ubao kwanza

Pima vitufe vyako kwa kaliper (kifaa cha kupimia vipenyo) kabla ya kuchora chochote. Vitufe vya mtindo wa Kijapani huingia kwenye tundu la mm 30, na vile vidogo vya kuanzisha gemu mm 24. Vya mtindo wa Kimarekani, vyenye mwili mrefu na nati, huingia kwenye tundu la kama mm 28. Pima pia urefu wa uzi chini ya ukingo, utoe unene wa nati. Kinachobaki ndicho unene wa juu kabisa wa ubao na plastiki kwa pamoja. Ubao wa mm 18 na akriliki ya mm 3 ni mm 21, na vitufe vifupi vya kubana, visivyo na nati, havifiki huko. Ama nunua virefu, ama chimba ubao kwa chini kuzunguka kila tundu hadi unene utoshe.

Jostiki nayo hufungwa chini ya ubao, na kila milimita ya unene inaumeza mti wake. Punguza ubao kwa chini mahali pake hadi zibaki kama mm 6 hadi 8. Tundu la mm 24 juu linatosha mti kuzunguka, na ile sahani ya kuzuia vumbi ikae juu ya akriliki.

Kati ya kitovu cha kitufe na kingine cha mm 30 acha mm 36 au zaidi, la sivyo kingo zitagusana. Tundu lolote lisisogee karibu na ukingo wa akriliki kwa chini ya mm 10.

Chora, kata ubao, toboa, piga msasa matundu, kisha jaribu vitufe vyote. Kosa la ubao hujazwa na kutobolewa upya, la akriliki halijazwi. Usisonge mbele mpaka ubao mtupu uwe umekaa mkononi unavyotaka.

Kukata umbo

Kwa mistari iliyonyooka kutoka ukingo hadi ukingo hakuna haja ya umeme. Kisu cha kulabu cha kukwarua kinatosha, au kipande cha msumeno wa chuma kilichosagwa ncha kuwa kulabu. Weka rula ya chuma, ibane kwa klampu, vuta kisu kwa nguvu ya wastani mara 8 hadi 10 kwenye mfereji uleule, mpaka ufike kama theluthi ya unene. Laza karatasi ukingoni mwa meza, mfereji ukiwa juu na umenyooka sawa na ukingo, kisha bonyeza upande unaoning'inia mara moja kwa uamuzi. Ukisitasita, ufa unachepuka. Ukanda unaoutoa usipungue sentimita 3 au 4, kwani mwembamba zaidi huvunjika ovyo. Njia hii haifai polikaboneti.

Kwa pembe za mviringo tumia jigso, msumeno wa umeme wa kukatia mikunjo, yenye bledi ya meno madogo ya kukatia chuma. Zima ule mwendo wa kusukuma mbele na nyuma, weka kasi ya wastani, na uegemeze karatasi pande zote mbili za mstari. Kata ukiacha mm 2 nje ya alama. Sikiliza na uangalie nyuma ya bledi: ukiona mkato umejifunga tena kwa uzi wa plastiki iliyoyeyuka, kasi imezidi au bledi imechoka.

Kutoboa

Hapa ndipo penye kazi, na njia bora ni ruta ya seremala, mashine ya mkono inayozungusha biti kwa kasi na kukata kwa ubavu, yenye biti iliyonyooka na beringi kwenye ncha. Hakikisha shina la biti linalingana na ruta yako. Shina la mm 6 na la robo inchi, ambayo ni mm 6.35, yanakaribiana kwa macho lakini hayabadilishani.

Bandika akriliki juu ya ubao uliotobolewa kwa tepu ya pande mbili, utando wa kinga ukiwa bado upo, uongeze klampu. Ukitazama kwa chini ya ubao, utaona matundu yote kupitia plastiki. Weka alama katikati ya kila moja. Geuza, toboa kila alama tundu la kuingizia biti ya ruta. Kama biti ni mm 12, tundu liwe mm 16 au 18. Biti ya ngazi, yenye umbo la koni, ndiyo salama zaidi hapa, kwani kila ngazi inakwangua kidogo tu na haijivuti.

Sasa shusha ruta, beringi iguse ubao, na uzungushe. Ndani ya tundu zunguka kwa mwelekeo wa saa, kwenye ukingo wa nje wa paneli zunguka kinyume cha saa. Usisimame mahali pamoja hata kwa pumzi moja, maana ruta ikisimama inayeyusha. Mwisho wa mzunguko tundu la akriliki linalingana na la ubao kiasi kwamba ukipitisha kidole hutahisi ngazi.

Bila ruta, tumia holisoo, ule msumeno wa duara wanaotobolea milango ya vitasa. Mpango unabadilika kidogo: ubao usitoboe matundu makubwa kwanza, toboa vitovu tu vya mm 6. Bana akriliki kati ya ubao na kipande cha mbao chakavu, pitisha biti ya mm 6 kwenye kila kitovu hadi iguse mbao chakavu. Tenganisha. Sasa weka akriliki peke yake juu ya mbao chakavu, bana kwa klampu, na ukate kwa drili ya betri kwenye gia ya 1, mizunguko 300 hadi 500 kwa dakika. Nenda hadi nusu ya unene, geuza karatasi, malizia upande wa pili. Meno yanakutana katikati na hakuna upande wa kutokea, kwa hiyo hakuna cha kupasuka. Kila sekunde chache inua msumeno, dondosha maji yenye tone la sabuni, safisha meno. Maji na drili ya waya havikai pamoja, ndiyo maana tunasema ya betri.

Biti bapa ya mbao usiitumie. Ina ncha inayojivuta na mabawa yanayogonga, na hupasua hata karatasi iliyobanwa vizuri.

Biti za kawaida za mm 4 hadi 6 zinafaa baada ya kufifishwa. Shika jiwe dogo la kunolea, liguse uso wa makali kwa kulinyoosha sambamba na shina la biti, sugua mara mbili tatu kila upande. Unatafuta mstari mwembamba unaong'aa kwenye makali, usiozidi unene wa karatasi ya daftari. Biti hiyo sasa inakwangua. Ijaribu kwenye kipande chako: takataka zikitoka kama utepe au vipande vikavu vinavyoachana, endelea. Zikitoka laini na kujizungusha donge kwenye biti, punguza kasi na utoe joto.

Kingo

Kwangua kwa mgongo wa bledi ya msumeno, kisha msasa namba 180, 320, na 600 kwa maji. Ukitaka ing'ae, endelea hadi 1200 na umalizie kwa nta ya kung'arishia. Usiruke hatua hii ndani ya matundu hata kama ukingo wa kitufe utayafunika. Kila mkwaruzo uliobaki ni mwanzo wa ufa. Moto wa tochi kwenye kingo unang'arisha haraka lakini unaacha mkazo ndani ya plastiki, tuuache.

Kufunga

Akriliki inatanuka kwa joto mara nyingi kuliko mbao. Paneli ya sentimita 70 ikipanda nyuzi 20 inarefuka karibu milimita 1, na banda la bati hapa Dodoma linapita tofauti hiyo kati ya alfajiri na saa nane mchana. Kwa bolti ya mm 4 toboa akriliki mm 5. Tumia bolti ya kichwa kilicho bapa upande wa chini na washa pana. Kichwa cha kuzama kina umbo la kabari na hupasua. Nati za vitufe kaza kwa vidole tu.

Ng'oa utando dakika ya mwisho, polepole. Kuanzia Juni hadi Oktoba hewa ni kavu mno, na kung'oa kwa haraka kunaichaji plastiki hadi inavuta vumbi la chumba kizima na kulibana juu ya picha. Nyunyiza maji sakafuni kwanza, futa upande wa chini kwa kitambaa laini chenye maji na sabuni ya vyombo, kikamuliwe vizuri, acha ikauke, kisha lalisha juu ya picha. Matundu ya picha yakate baadaye kwa wembe mpya ukifuata ukingo wa ubao kwa chini.

Spiriti, sanitaiza, petroli, tina na dawa ya vioo yenye amonia visiguse akriliki. Zikiingia kwenye matundu, nyufa nyembamba kama nywele hujitokeza kuzunguka bolti, wakati mwingine siku kadhaa baadaye. Gundi ya kufungia nati ina madhara hayohayo. Bolti zikilegea kwa mtikisiko wa wachezaji, weka nati yenye pete ya nailoni.