Namna ya Kutambua na Kuthamini Sarafu Zenye Kosa la Kiwandani

Kabla ya kuuliza bei, tenganisha kosa lililotokea sarafu ilipokuwa ikitengenezwa na jeraha ililolipata baadaye mikononi mwa watu, kwa kuwa la kwanza wakusanyaji hulilipia na la pili huishusha thamani. Vifaa vinavyotosha ni lenzi ya kukuza mara kumi, sumaku, na mizani inayopima sehemu ya mia ya gramu.

Senti ya Marekani ya mwaka 1955 iliyopigwa Philadelphia ndiyo shule bora. Muhuri wake, yaani kipande cha chuma kinachokandamiza picha na maandishi kwenye sarafu, ulipokuwa ukitengenezwa ulikandamizwa kwenye kielelezo chake zaidi ya mara moja huku ukiwa umezunguka kidogo, hivyo tarehe na maandishi ya upande wenye picha ya Rais Lincoln yametokea mawili mawili, na uradufu huo huonekana hata bila lenzi. Chunguza ncha za herufi: katika uradufu wa kweli herufi zote mbili zimeumuka kikamilifu na ncha zake zimegawanyika, ilhali muhuri ukitikisika wakati wa kupiga huacha ngazi bapa pembeni na kuikondesha herufi. Uradufu wa namna hii ya pili umejaa kila mahali wala hauongezi kitu. Wapo pia wauzaji wanaozipigia debe senti za 1955 zenye kivuli kwenye 5 ya mwisho tu; hiyo ni kazi ya muhuri uliochakaa.

Senti ya 1943 inahitaji tahadhari zaidi. Mwaka huo shaba ilihitajika vitani, senti zikatengenezwa kwa chuma kilichopakwa zinki, lakini chache zilipigwa kwa bahati mbaya juu ya visahani (vipande vya mviringo visivyopigwa bado) vya shaba. Ya chuma hunaswa na sumaku na ina gramu 2.7 hivi, ya shaba hainaswi, nayo ina gramu 3.11. Senti ya chuma iliyochovywa shaba huumbuliwa na sumaku papo hapo. Iliyo hatari ni senti ya 1948 ambayo 8 yake imekwanguliwa ikawa 3: uzito wake ni sahihi, kwa hiyo linganisha umbo la tarakimu hiyo na la senti halisi ya chuma.

Sarafu iliyopigwa kando ya katikati hupendwa zaidi pengo lisilo na picha likiwa kubwa na tarehe ikiwa bado inasomeka.

Katika kuthamini, usitegemee bei anayoitaja muuzaji mtandaoni, maana kuitaja hakumgharimu kitu. Tazama minada iliyokwisha, ulinganishe kosa lilelile katika hali ileile ya uchakavu. Usiisafishe sarafu kwa namna yoyote, hata ikiwa nyeusi. Kampuni kama PCGS na NGC huthibitisha na kupanga daraja kwa malipo, basi jumlisha ada, usafirishaji na bima kwanza. Jumla hiyo ikikaribia bei ya mnadani, afadhali uiuze sarafu bila cheti.