Kuchapa kiwanda cha nyumbani kwenye kitambaa cha marekani

Nyumba niliyokulia hapa Lamu ina kiwanda, ule uwanja wa ndani usio na paa ambao nyumba zetu za mawe hupatia mwanga na upepo. Mhina ulikuwa kando ya birika, asumini imetambaa ukutani, mrehani kwenye mikebe ya samli, na mkomamanga mmoja ambao baadaye ulikatwa ili tangi la maji lipate pa kukaa. Hapa naeleza jinsi ya kukichapa kiwanda kama hicho kwenye kitambaa, kwa kuyagonga majani yake kwa nyundo mpaka rangi yao ishike.

Hatua ya 1. Usichume kitu bado. Chora kiwanda chenu kwa kukumbuka tu, pamoja na ndoo na kamba ya kuanikia. Hiyo ndiyo ramani: jani litakaa pale mti wake ulipokuwa. Ninaowafundisha hupenda kuiruka hatua hii, na kazi zao hutoka kama vitambaa vya meza vya hoteli.

Hatua ya 2. Chemsha marekani, kile kitambaa cha pamba kisichopaushwa, kwa sabuni nusu saa, kanji yote itoke. Kisha chemsha maganda ya makomamanga manne kwa lita mbili za maji, saa nzima, chuja, uloweke kitambaa usiku kucha. Kitatoka na umanjano hafifu. Kesho yake kiloweke tena kwenye maji ya moto yenye shabu (alamu), gramu 15 kwa kila gramu 100 za kitambaa kikavu. Tanini, yaani ule ukakasi wa maganda, hushika shabu, nayo shabu hushika rangi ya jani. Suuza, anika.

Hatua ya 3. Chuma majani asubuhi, umande ukishakauka. Majani ya mrehani yana maji mengi, kwa hiyo yabane kwanza ndani ya gazeti, la sivyo yatatapakaa.

Hatua ya 4. Tandika kitambaa juu ya ubao. Mimi mara ya kwanza niligongea kwenye sakafu ya chokaa, nikatoboa kitambaa mara tatu na sakafu nayo ikabanduka. Mishipa ya jani iangalie chini, funika kwa karatasi, gonga kwa nyundo ndogo ukianzia kingo. Nyumba nzima itanukia rehani. Usifunue kuchungulia. “Iwate!” yaani iache, bibi alikuwa akinifokea nilipoikwangua hina kabla haijakauka, na hapa pia ni vivyo hivyo: ukilisogeza jani, chapa inakuwa mbili.

Hatua ya 5. Asumini haichapiki, ua jeupe ukiliponda linakuwa doa la kahawia. Kwa hiyo nalichora. Loweka misumari yenye kutu kwenye siki kwa wiki moja, chovya brashi nyembamba, chora. Mstari hupauka kwanza, kisha unageuka mweusi mbele ya macho yako, kwa sababu chuma kimekutana na ile tanini. Mimi sichori mti, nachora vikonyo vilivyotungwa kama vya kikuba, kile kishada cha maua yanukiayo wanachojipamba wanawake. Tumia kidogo, maana chuma kikizidi hula pamba.

Mahali pa mkomamanga sigongi kitu. Maganda siku hizi nanunua sokoni.

Anika kivulini, piga pasi kwa nyuma. Kijani hakipendi jua: cha kwanza nilikitundika mkabala na dirisha, na majani yote yamekuwa rangi ya chai. Sijakishusha.