Jinsi ya Kuomba Ruhusa na Kuhamisha Mafaili kati ya Kompyuta Kuu ya IBM na Kompyuta ya Mezani

Benki, kampuni za bima, mashirika ya ndege na idara za serikali katika nchi nyingi bado huhifadhi kumbukumbu zao nzito kwenye kompyuta kuu (mainframe) za IBM zinazoendeshwa na mfumo wa z/OS. Mfanyakazi anayehitaji sehemu ya kumbukumbu hizo kwenye kompyuta yake ya mezani, ili aandae ripoti au alinganishe hesabu, hawezi kuzichukua kama anavyonakili faili kutoka kwenye flashi. Ni lazima aombe, akubaliwe, kisha azihamishe kwa njia inayolinda data isiharibike njiani. Mwongozo huu unafuata hatua hizo kwa mpangilio wake, lakini unakaa zaidi kwenye maandalizi ya kabla ya maombi, kwa kuwa mwombaji asiyejua umbo la data anayoiomba huweza kupewa ruhusa halali na bado akaondoka na faili lisilofaa.

Anza kwa kupata jina kamili la seti ya data unayoihitaji, yaani faili kwa lugha ya z/OS. Katika z/OS jina hilo huwa na vipande vinavyotenganishwa kwa nukta, kila kipande kisizidi herufi 8, na jina zima lisizidi herufi 44 pamoja na nukta zake; kwa mfano, FEDHA.MALIPO.JUNI24. Kipande cha kwanza kwa kawaida ndicho kinachoonyesha mwenye data, na ruhusa nyingi hupangwa kwa kukitazama hicho. Ukishalipata jina, mwombe mtayarishaji programu wa mfumo husika akueleze mambo matatu: kama rekodi zina urefu usiobadilika au unaobadilika, kila rekodi ina baiti ngapi, na kama ndani yake kuna namba zilizofungashwa, yaani zilizobanwa ili zichukue baiti chache. Mpangilio wa rekodi na aina ya namba zake huonekana kwenye maelezo ya rekodi ambayo watayarishaji wa programu za lugha ya COBOL huyaita kopibuku, na nakala ya kopibuku hiyo inafaa iambatishwe kwenye maombi yako.

Swali la namba zilizofungashwa lisipitwe haraka. Tangu familia ya System/360 ilipotangazwa tarehe 7 Aprili 1964, kompyuta kuu za IBM huandika herufi kwa msimbo wa EBCDIC, ilhali kompyuta za mezani hutumia ASCII na misimbo iliyojengwa juu yake. Kwa hesabu ya msingi wa kumi na sita, herufi kubwa A ni C1 kwenye EBCDIC na 41 kwenye ASCII. Tarakimu 0 ni F0 kule na 30 huku. Faili likiwa la maandishi matupu, programu ya kuhamishia hugeuza kila baiti kwa kufuata jedwali na kazi inakwisha salama. Lakini mifumo ya fedha mara nyingi huhifadhi kiasi cha pesa kwa namna ya kufungasha inayoitwa COMP-3, ambapo baiti moja hubeba tarakimu mbili, na nusu ya mwisho ya baiti ya mwisho hubeba alama ya chanya au hasi.

Chukua kiasi cha 12,345. Kwenye kompyuta kuu kimewekwa kwa baiti 3, yaani 12, 34 na 5C, ile C ikiwa ni alama ya chanya. Ukilihamisha faili hilo kama maandishi, kwa jedwali la kawaida la kutoka IBM-1047 (aina mojawapo ya EBCDIC) kwenda ISO 8859-1 (mojawapo ya misimbo iliyojengwa juu ya ASCII), kigeuzi kitadhani kila baiti ni herufi: 12 itabaki 12, 34 itakuwa 94, na 5C, ambayo katika EBCDIC ni nyota, itakuwa 2A, yaani nyota ya ASCII. Programu itakayosoma rekodi hiyo upande wa pili itaona 12942, na kwa kuwa A nayo ni alama halali ya chanya kwa kanuni za mashine hizo, huenda hakuna onyo lolote litakalotolewa. Aliyelipwa 12,345 ataonekana kwenye ripoti kuwa amelipwa 12,942. Faili likifika limejaa takataka, mtu hulitupa na kuomba jingine. Linalotisha ni hili linalofika likiwa na sura ya ukweli.

Kwa hiyo, kabla ya kujaza fomu, amua mojawapo ya njia mbili. Ya kwanza ni kuomba wenye mfumo wakutolee nakala ambayo namba zake zote zimefumuliwa zikawa tarakimu za kawaida, kazi ambayo programu ya DFSORT huifanya vizuri, kisha uhamishe nakala hiyo kama maandishi. Ya pili ni kuhamisha baiti kama zilivyo, bila kugeuza chochote, na kuzifasiri kwenye kompyuta yako kwa kufuata kopibuku. Njia ya pili inamfaa mwenye programu ya kazi hiyo na uzoefu wa kuitumia. Kwa wengine wote ninashauri ya kwanza, hata kama itachelewesha maombi kidogo.

Fomu ya maombi hutofautiana kati ya taasisi na taasisi, ila yanayotakiwa hayapishani sana: jina lako na idara yako, jina kamili la seti ya data, sababu ya kuihitaji, njia utakayotumia kuihamisha, mahali itakapohifadhiwa, na tarehe ambayo ruhusa itakoma. Kwenye kiwango cha ruhusa, anayetaka kuchukua data tu aandike READ. Anayetaka kuandika ndani ya seti iliyopo huhitaji UPDATE, na ALTER, ambayo humwezesha mtu hata kufuta seti nzima, isiombwe kwa ajili ya ripoti. Sababu nayo iandikwe kwa ukamilifu, hasa pale data inapohusu watu, kwa kuwa Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 nchini Kenya na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 nchini Tanzania zinataka taarifa za mtu zitumike kwa lengo lililo wazi na zisizidi mahitaji ya lengo hilo. Ikiwa safu ya majina haihitajiki kwenye hesabu yako, omba iondolewe kwenye nakala. Fomu ikishasainiwa na mkuu wa idara yako pamoja na mwenye data, hupelekwa kwa msimamizi wa usalama, ambaye huingiza ruhusa kwenye RACF au programu nyingine ya ulinzi inayotumika hapo.

Ukikubaliwa utapewa kitambulisho cha mtumiaji na nenosiri la muda, ambalo kwa kawaida mfumo hukulazimisha ulibadilishe unapoingia mara ya kwanza. Usibahatishe ukilisahau, kwa sababu baada ya makosa machache mfululizo kitambulisho hufungwa, na kukifungua huhitaji maombi mengine.

Njia iliyo rahisi kwa faili dogo ni IND$FILE, inayofanya kazi ndani ya programu ya kuiga skrini ya 3270 ya IBM unayotumia kuingilia TSO, sehemu ya z/OS ambapo mtumiaji huandika amri. Hakikisha kwanza upo kwenye neno READY, au kwenye chaguo la 6 la menyu za ISPF, kwa kuwa ukiwa umefungua skrini ya kuhariri, amri ya kuhamisha haitatekelezwa. Kisha fungua menyu ya kuhamisha mafaili, andika jina la seti ndani ya alama moja moja za kunukuu, na kwa faili la maandishi chagua ASCII na CRLF (alama ya mwisho wa mstari). Kwa baiti zisizogeuzwa, usichague chochote kati ya hivyo viwili. Mawasiliano ya skrini yako yakiwa yamesimbwa, faili nalo litapita humo humo likiwa limelindwa.

Kwa faili kubwa hutumika FTP, njia ya kuhamisha mafaili mtandaoni, ila iwe ile iliyowekewa ulinzi wa TLS unaoficha mawasiliano, kwani FTP ya kawaida hupitisha nenosiri mtandaoni bila kulificha. Ukishaingia, amri ni mbili tu:

ascii
get 'FEDHA.MALIPO.JUNI24' juni24.txt

Ukihamisha bila kugeuza, weka binary badala ya ascii. Alama za kunukuu zina maana kubwa hapa: ukiziacha, mfumo utatanguliza kitambulisho chako mbele ya jina na kukujibu kuwa seti hiyo haipo. Taasisi nyingine huruhusu SFTP peke yake, njia nyingine ya kuhamisha mafaili kwa usalama. Hapo omba seti inakiliwe kwanza kwenye saraka ya upande wa Unix wa z/OS, na uulize kama herufi zimeshageuzwa, kwa sababu kwa kawaida SFTP husafirisha baiti zilivyo.

Kupeleka faili kutoka kwenye kompyuta yako kwenda kompyuta kuu kunahitaji utangaze umbo lake kabla ya kulituma, kwa mfano:

quote site recfm=fb lrecl=80

Hapo fb ni rekodi za urefu usiobadilika, na lrecl ni urefu wa kila rekodi kwa baiti. Mstari wowote unaozidi baiti 80 utakatwa mwisho wake, kwa hiyo pima mstari mrefu kuliko yote kabla ya kutuma.

Faili likifika, lihakiki kabla ya kulifungua. Seti yenye rekodi 10,000 za baiti 200 kila moja, ikihamishwa bila kugeuzwa, inatakiwa iwe na baiti 2,000,000 kamili. Ikihamishwa kama maandishi, kila mstari huongezewa baiti 2 za kumalizia, ingawa jumla inaweza kupungua kwa kuwa FTP ya z/OS huondoa nafasi tupu za mwisho wa mstari. Hapo hesabu mistari badala ya baiti. Kisha linganisha jumla ya safu ya kiasi na jumla uliyopewa na wenye mfumo. Usilifungue kwa kulibofya moja kwa moja ndani ya Excel, kwani programu hiyo huondoa sifuri za mwanzo kwenye namba za akaunti na hugeuza kuwa sifuri tarakimu zinazozidi 15. Liingize kwa kuagiza, na utangaze safu hizo kuwa maandishi.

Kazi ikikamilika, futa nakala zote ambazo hazihitajiki tena, pamoja na zile za muda zilizotolewa kwenye kompyuta kuu kwa ajili yako, na umwandikie msimamizi wa usalama aondoe ruhusa hata kama tarehe yake haijafika.