Ukitaka Kurudi Dodoma Ulikosomea: Mwongozo kwa Wahitimu

Mhitimu anayerudi Dodoma baada ya miaka kumi au zaidi hukuta mji ambao haukumsubiri. Uamuzi wa kuhamishia makao makuu ya nchi huko ulifikiwa mwaka 1973, lakini ni baada ya mwaka 2016, Serikali ilipoanza kuhama kwa dhati, ndipo viwanja vilipopimwa kwa kasi, barabara zikapanuliwa, na mwezi Aprili 2018 Dodoma ikapandishwa hadhi kuwa jiji. Kwa sababu hiyo, anayepanga safari yake kwa kufuata majengo aliyoyazoea hujitafutia masikitiko, kwani geto alilopanga mwaka wa pili huenda limekwisha kuwa ghorofa. Ni afadhali kufuata mambo yasiyohamishika kwa urahisi, yaani majira, vyakula na watu.

Jambo la kwanza kuamua ni mwezi wa kusafiri. Dodoma ina msimu mmoja wa mvua, kuanzia Desemba au mwishoni mwa Novemba hadi Aprili, na katika miezi hiyo mibuyu huwa na majani na vilima huwa vya kijani, jambo ambalo wengi wetu tulilisahau kwa kuwa tulishughulishwa na mitihani. Anayetaka Dodoma ya vumbi na upepo, ile ya kufua shati asubuhi na kulianua likiwa jekundu, aende kati ya Juni na Septemba. Zabibu huvunwa mara mbili kwa mwaka, kwa kawaida karibu na mwezi Machi na tena karibu na Agosti na Septemba, na kwa maoni yangu hicho ndicho kigezo bora kuliko vyote. Hata hivyo, kuanzia Aprili hadi mwisho wa Juni Bunge la bajeti huwa linaendelea, nyumba za wageni hujaa na bei hupanda. Asiyekuwa na mwenyeji aweke nafasi mapema. Vilevile hakikisha kwamba chuo hakiko likizo, kwa sababu kampasi isiyo na wanafunzi haikumbushi chochote.

Kuhusu usafiri hakuna mengi ya kueleza. Tangu Julai 2024 treni ya SGR hufika Dodoma kutoka Dar es Salaam kwa saa chache tu, safari ya takriban kilomita 450 ambayo kwa basi ilikuwa ikimaliza sehemu kubwa ya siku. Anayependelea basi ajue kwamba stendi kuu sasa iko Nzuguni, jirani na viwanja vya Nanenane na soko la Job Ndugai, si katikati ya mji kama zamani.

Siku ya kwanza itumie mjini, kwa miguu, kabla jua halijawa kali. Pita Jamatini, ambako kila aliyesoma Dodoma amewahi kugombania daladala, uketi kidogo Nyerere Square, kisha uingie soko la Majengo. Usikodi bajaji hadi uchoke kabisa, maana anayepita kwa bajaji huona mabango tu.

Chuoni nenda siku ya kazi, ukiwa na kitambulisho, na ujieleze getini kwa unyenyekevu. Mlinzi hana sababu ya kujua kwamba wewe ni mhitimu. Aliyesoma Chuo Kikuu cha Dodoma, kilichoanzishwa mwaka 2007 kikianzia katika eneo la Chimwaga, achague ndaki, yaani vyuo vidogo vilivyo ndani ya chuo kikuu, moja au mbili, kwa sababu eneo la chuo ni la hekta zipatazo 6,000 na ndaki zimetawanyika vilimani. Aliyesoma Mtakatifu Yohana, katika majengo yaliyokuwa ya Sekondari ya Mazengo, atazunguka kote kwa muda mfupi.

Sehemu inayohitaji maandalizi zaidi ni kuwatafuta watu: mama lishe aliyekukopesha wali bumu, yaani fedha za mkopo wa mwanafunzi, lilipochelewa, fundi viatu, kijana wa stesheneri aliyechapa utafiti wako usiku kucha, na mwenye nyumba wa Ng'ong'ona au Makulu. Wengi tuliwafahamu kwa majina ya watoto wao, kwa hiyo usiulize jina kamili. Uliza Mama fulani aliyekuwa akipika karibu na hosteli fulani, na uanze na wenye maduka ya muda mrefu, ambao hujua nani alihamia wapi. Beba picha ya zamani iliyosafishwa, si ya kwenye simu tu, kwa kuwa wazee huipokea mkononi, huiita familia na kuanza kutaja majina uliyoyasahau. Ukimpata mtu, msalimie kwa utulivu, ukae, ukubali chakula. Kama uliondoka na deni, lilipe. Sahani tatu za maharage huweza kukumbukwa kwa miaka mingi.

Jumamosi iwekee mnada wa Msalato, nje kidogo ya jiji, wenye mifugo, mitumba na nyama choma inayochomwa mbele ya mnunuzi. Fika mchana, ukiwa na njaa na fedha taslimu. Siku nyingine omba ugali wa uwele au wa mtama kwa mlenda, chakula cha Wagogo ambacho wanafunzi kutoka mikoa mingine tulikikwepa mwaka wa kwanza na kukitafuta mwaka wa tatu.

Zabibu za kupeleka nyumbani nunua asubuhi ya kuondoka, zenye vikonyo vibichi, na uzipange katika boksi lenye matundu. Zikinunuliwa siku moja mapema na kufungiwa ndani ya begi, zitafika zimepondeka.