SOMO: Kuunda mashine pepe ya lugha yako kwa C, hatua kwa hatua

Wakuu, salaam. Uzi huu nauweka ili safari nyingine mtu akiuliza "naanzaje kutengeneza lugha yangu" nimtupie linki nikalale. Nazungumzia lugha za jamii ya Lua, Python na JavaScript: kigeu hakitangaziwi aina, thamani yenyewe ndiyo inayobeba aina yake programu ikiwa inakimbia. Nachukulia unajua C. Kama pointa bado zinakusumbua, malizana nazo kwanza.

Hatua ya 1: Kichanganuzi (kinachosoma matini ya programu). Kiandike kwa mkono, kitoe msimbo-baiti (maagizo mafupi ambayo mashine pepe inayatekeleza) moja kwa moja.

Hatua ya 2: Thamani. Anza na struct yenye tagi na union. Kwenye mashine ya biti 64 inakula baiti 16: tagi 4, pengo 4, mzigo 8. Inatosha kabisa. Ifiche nyuma ya makro tangu mwanzo (NI_NAMBA, KAMA_OJEKTI na wenzao), ili ukitaka kuhamia mbinu ya NaN ("si namba", naieleza hapa chini) ubadilishe faili moja tu.

Mbinu yenyewe: double ikiwa na biti zote 11 za kipeo zimewaka na mantisa si sifuri, hiyo ni NaN, na biti zinazobaki ni mali yako. Pointa inaingia humo, thamani nzima inakaa baiti 8. Mtego wake uko hapa: kwenye x86, 0.0/0.0 inatoa 0xFFF8000000000000, yaani na biti ya ishara imewaka. Ukifanya biti ya ishara pamoja na 0x7FF8 kuwa alama ya pointa, sifuri kwa sifuri itasomeka kuwa pointa tupu na programu itaanguka. Tumia 0x7FFC000000000000, ile biti ya ziada ndiyo inayowatenganisha. Halafu usilinganishe biti pale pande zote mbili ni namba: NaN haiwi sawa na NaN, na 0 lazima iwe sawa na -0.

Hatua ya 3: Msimbo-baiti. Opukodi (namba ya agizo) baiti moja, oparandi (data zake) zinafuata. Namba ya konstanti ikiwa baiti moja unaishia 256, kwa hiyo weka na agizo lenye namba ya baiti mbili. Umbali wa mruko nao unakaa baiti mbili, basi kompaila yako ipige kelele ukizidi 65,535. Ukiiacha ikate biti kimyakimya utatafuta kosa hilo mpaka nywele zikuote mvi. Hifadhi namba za mistari pembeni kwa ajili ya ujumbe wa makosa, na andika kifaa cha kuchapisha msimbo-baiti kwa macho ya binadamu kabla hujaukimbiza.

Mashine ya steki (thamani hupangwa juu kwa juu) au ya rejista (kila thamani ina nafasi yenye namba)? Lua ilihamia rejista kwenye toleo la 5.0 mwaka 2003, CPython (Python ile ya kawaida) bado ni ya steki. Zote zinaishi. Anza na steki, kompaila yake ni nyepesi.

Hatua ya 4: Lupu kuu. `switch` kubwa ndani ya `for(;;)`. Weka ip (pointa ya agizo linalofuata) kwenye kigeu cha ndani ili kikae kwenye rejista ya prosesa, na ukirudishe kwenye fremu (rekodi ya mwito mmoja wa funksheni) kabla ya kuita chochote kinachoweza kutoa kosa.

Hatua ya 5: Miito. Funksheni ya lugha yako kuita nyingine kusiwe C kujiita yenyewe. Sukuma fremu mpya (klosha, yaani funksheni pamoja na vigeu vya nje ilivyovikamata; ip; mwanzo wa nafasi zake) na uendelee na lupu ileile. Steki ikikua kwa `realloc` inaweza kuhamia anwani nyingine, basi mwanzo wa fremu uwe namba ya nafasi, si pointa. Vigeu vilivyokamatwa na klosha ambavyo bado viko kwenye steki navyo vina pointa za kurekebisha. Vinasahaulika sana.

Hatua ya 6: Mzoa taka (anayeachia kumbukumbu isiyotumika tena). Soma hatua hii mara mbili. Nusu ya maswali ninayopata yanatoka hapa.

Kanuni ni nyepesi: weka alama kila kinachofikika kutoka kwenye mizizi, kisha fagia kisicho na alama. Mizizi ni steki, klosha za fremu, vigeu vya jumla, vigeu vilivyokamatwa, na (hii ndiyo wanayoiacha) vitu ambavyo kompaila inavishika ikiwa katikati ya kazi. Kutembea mizizi hakumshindi mtu. Balaa ni kwamba mzoa taka anaweza kuamka KILA unapoomba kumbukumbu, na wakati huo una ojekti mkononi, kwenye kigeu cha C, ambayo haimo kwenye mzizi wowote. Chukua kuunganisha stringi mbili. Ukitoa b kwenye steki, ukatoa a, kisha ukaomba nafasi ya matokeo, mzoa taka akiamka hapo a na b ni taka halali kwake. Utanakili herufi kutoka kwenye kumbukumbu iliyokwisha kuachiwa. Zichungulie tu palepale kwenye steki, tengeneza matokeo, ndipo uzitoe.

Sehemu nyingine zenye ugonjwa huohuo:
- Klosha mpya: isukume kwenye steki na ujaze NULL kwenye safu ya vigeu vyake kabla ya kuunda hata kimoja, la sivyo mzoa taka atafuata pointa za uchafu.
- Kuongeza konstanti: safu ikikua inaomba kumbukumbu, na konstanti yenyewe bado haijaingia. Isukume kwanza, uitoe baadaye.
- Orodha ya kazi ya mzoa taka: ikue kwa `realloc` ya kawaida, usipitie kiombaji chako, maana atajiamsha akiwa kazini.
- Jedwali la stringi za pamoja (kila stringi ihifadhiwe mara moja tu) si mzizi. Liondolee stringi zisizo na alama KABLA ya kufagia.

Makosa haya hayaonekani kwenye majaribio madogo, kwa sababu mzoa taka haamki. Kwa hiyo tengeneza swichi ya kumwamsha kila ombi la kumbukumbu, bila huruma, na ukompaili kwa `-g -fsanitize=address` (hukamata matumizi mabaya ya kumbukumbu). Kila jaribio lipite hivyo kabla hujajisifu. Kwa matumizi ya kawaida, mwamshe hipu (kumbukumbu yote ya ojekti) ikifika mara mbili ya kilichobaki hai safari iliyopita.

Hatua ya 7: Kasi. Pima kwanza. Kinachokula muda mara nyingi ni kutafuta sifa za ojekti kwa jina. Zipe ojekti maumbo: ojekti zilizoongezewa sifa zilezile kwa mpangilio uleule zinashiriki umbo moja. Kila agizo la kusoma sifa lihifadhi pembeni yake umbo la mwisho lililoliona na nafasi ya sifa. Umbo likilingana, soma moja kwa moja. Fikra ya kashe hii ilitoka kwa watu wa lugha ya Smalltalk (1984), na ile ya kubeba maumbo kadhaa kwa watu wa lugha ya Self (1991). Angalizo: ukitumia anwani ya umbo kama ufunguo, na umbo likafagiwa, umbo jipya linaweza kupewa anwani ileile. Tumia namba za kipekee.

---

chuma_moto: Mkuu, mashine yangu inakufa na segfault. Msaada wa haraka.

Mtoa somo: Hakuna msimbo, hakuna ujumbe, hakuna mstari. Hatua ya 6, aya ya mwisho. Washa vile viwili ndipo urudi.

kibatari: Kwa nini tujitese? LLVM ipo, inatoa msimbo wa mashine wa nguvu.

Mtoa somo: LLVM inang'aa pale aina zinapojulikana. Kwako `a + b` inaweza kuwa namba, stringi au kosa, na LLVM haitakuambia ni ipi. Taarifa hiyo unaikusanya wewe wakati wa kukimbia, kwa mashine hiihii. Mradi wa Unladen Swallow ulijaribu kuiweka LLVM ndani ya CPython kuanzia 2009 na haukuishia ndani ya CPython. WebKit (injini ya kivinjari cha Safari) waliitumia kwenye ngazi ya juu ya JavaScript, mwaka 2016 wakaiacha kwa kompaila yao, B3, sababu mojawapo ikiwa muda wa kukompaili. Si kwamba LLVM ni mbaya.

kutu_free: C mwaka huu? Rust ingekumalizia hizo use-after-free (kutumia kumbukumbu iliyokwisha kuachiwa) zote.

Mtoa somo: Tumia. Utaweka ojekti kwenye safu na kuzitaja kwa namba, na ukisahau mzizi, namba yako itaonyesha ojekti ya mtu mwingine bila kuanguka. Hatua ya 6 inakuhusu bado.

binti_wa_hesabu: Samahani mwalimu, lugha yangu ni ya kupiga hesabu za fedha. Namba zote zikiwa double, sitapoteza senti?

Mtoa somo: Swali zuri, dada. Double inabeba namba kamili zote bila kosa hadi 2 kwa kipeo cha 53, yaani 9,007,199,254,740,992. Ukihifadhi fedha kwa senti kama namba kamili, hutafika huko mapema. Tatizo ni 0.1 na ndugu zake, haziandikiki sawasawa kwa msingi wa mbili. Una njia mbili. Ukibaki na NaN, ongeza tagi ya namba kamili ya biti 32, jumlisha kwa `__builtin_add_overflow`, ikifurika geukia double. Ukihitaji biti 64 kamili, achana na NaN, baki na struct ya baiti 16, Lua 5.3 ilipoleta namba kamili za biti 64 ilibaki na tagi pembeni vilevile. Kwa fedha ningechukua ya pili, na kufurika kuwe kosa, kusigeuke double kimya.

chuma_moto: Nimewasha. Inasema heap-use-after-free, kwenye funksheni ya kuunganisha stringi.

Mtoa somo: Mfano huo nimeuandika neno kwa neno.

mwana_termux: Mimi sina laptop, nafanya kwa simu, Termux (terminali ya Linux kwenye Android) na kompaila ya clang, Android 12. Mbinu ya NaN inakwenda vizuri kwenye kompyuta ya rafiki yangu, kwangu inaanguka wakati wa kufagia na ujumbe "Pointer tag for 0x... was truncated". Nimesoma hatua ya 2 mara tatu.

Mtoa somo: Umenikumbusha kitu ambacho kilistahili kuwa kwenye somo. Kuanzia Android 11, kwenye ARM64, `malloc` inaweza kurudisha pointa iliyowekwa alama kwenye baiti ya juu kabisa. Prosesa inaipuuza baiti hiyo, lakini mbinu ya NaN inaifuta ili kupata nafasi, na `free` ikipokea pointa isiyo na alama inakataa. Suluhisho: chukua kumbukumbu kwa `mmap` (inaiomba moja kwa moja kwa mfumo endeshi), vipande vya MB 1 hivi, ugawe ojekti zako humo mwenyewe. Anwani za `mmap` haziwekewi alama hiyo. Kama hutaki kuandika kigawaji sasa, baki na struct ya baiti 16, kwenye simu itakimbia tu.

mwana_termux: Shukrani mkuu. Vipande vya mmap nifuate saizi moja kwa ojekti zote?

Mtoa somo: Hapana. Tenga kwa madaraja: baiti 16, 32, 64, 128, kila daraja na orodha yake ya nafasi huru. Zinazozidi hapo zipe `mmap` yake peke yake, na ukumbuke `munmap` inataka saizi, kwa hiyo iandike kwenye kichwa cha ojekti.