Kupika okonomiyaki yenye wanga kidogo

Okonomiyaki ni chapati nene ya kabichi na mayai ambayo Wajapani huipika juu ya bamba la chuma. Mjini Osaka, kabichi huchanganywa na unga wa ngano, mayai na dashi, yaani supu ya mwani na samaki mkavu, katika bakuli moja kabla ya kumiminwa, ilhali wapishi wa Hiroshima hupanga viungo kwa matabaka na kuongeza tambi. Anayepunguza wanga atapata kazi nyepesi zaidi akifuata njia ya Osaka.

Wanga wa chakula hiki hutoka hasa katika unga wa ngano, katika kiazi kikuu kiitwacho nagaimo ambacho hukwaruzwa na kutiwa ili chapati iwe laini, na katika sosi ya juu. Wengi huondoa unga wakaisahau sosi, nayo ina sukari nyingi. Ile ya kampuni ya Otafuku ya Hiroshima hutiwa hata tende.

Kwa chapati moja ya kushibisha, andaa gramu 150 za kabichi, mayai mawili, vijiko vitatu vya chakula vya unga wa lozi, vitunguu vya majani na chumvi kidogo. Ukitumia unga wa nazi, kijiko kimoja kinatosha, kwa sababu hunyonya maji mengi na ukizidi huifanya chapati kuwa kavu.

Kabichi ndiyo inayoamua matokeo. Ikatekate kwa kisu katika vipande vidogo, wala usiikwaruze, kwa maana kabichi iliyokwaruzwa hutoa maji mengi, na mchanganyiko huu hauna unga wa ngano wa kuyashika. Ukiiosha, ikaushe vizuri kwa kitambaa safi. Piga mayai pamoja na unga wa lozi, uache kwa dakika tano uvimbe, kisha tia kabichi, vitunguu na chumvi wakati kikaango kimekwisha kupata moto, kwa sababu chumvi ikikaa huvuta maji kutoka katika kabichi.

Paka kikaango mafuta, mimina mchanganyiko na uutengeneze kuwa duara lenye unene wa sentimita mbili hivi. Juu yake panga vipande vyembamba vya nyama ya nguruwe, au kamba na ngisi, ambao hata Japani hutumika sana; kwa maoni yangu kamba wanafaa zaidi, maana hawaongezi mafuta. Funika na upike kwa moto mdogo kwa dakika tano au sita, mpaka kingo zishikane. Chapati hii huvunjika kwa urahisi kuliko ile ya ngano, kwa hiyo itelezeshe kwenye sahani, funika sahani kwa kikaango, kisha pindua vyote kwa pamoja. Upande wa pili upikwe bila kifuniko ili mvuke utoke, na usiukandamize kwa mwiko.

Kwa sosi, changanya kijiko kimoja cha chakula cha nyanya nzito ya kopo isiyo na sukari, vijiko viwili vya chai vya sosi ya soya, kimoja cha siki na tangawizi kidogo iliyosagwa. Ipake juu, ongeza mayonezi isiyotiwa sukari, kisha nyunyiza mwani mkavu na katsuobushi, yaani vipande vyembamba sana vya samaki aliyekaushwa, ukivipata.