SOMO: Jinsi ya kuchagua barakoa ya kuchuja chembechembe za hewani

Swali la "ninunue barakoa gani?" linaulizwa hapa mara kwa mara, nami nimechoka kulijibu kipande kipande. Tafadhali someni hadi mwisho kabla ya kuuliza.

Hatua ya 1. Jua unajikinga na nini. Vumbi, moshi na matone madogo yenye vijidudu huchujwa. Gesi na mvuke wa kemikali hupita.

Hatua ya 2. Soma kiwango kilichochapwa kwenye barakoa yenyewe. N95 ya Marekani na KN95 ya Uchina hutakiwa kuzuia angalau asilimia 95 ya chembe za majaribio. FFP2 ya Ulaya na KF94 ya Korea Kusini asilimia 94, na FFP3 asilimia 99. Herufi N katika N95 maana yake haifai penye ukungu wa mafuta. Hapo tafuta yenye P mahali pa N, kama P95.

Hatua ya 3. Kagua kama ni halisi. N95 iliyoidhinishwa huwa na jina NIOSH (taasisi ya Marekani ya usalama kazini inayoidhinisha barakoa hizi) lililoandikwa bila kosa na namba inayoanza na TC, na hufungwa kwa mikanda ya kichwani. Ukiona N95 yenye kamba za masikioni, iache.

Hatua ya 4. Hakikisha imeshika uso. Hapa ndipo wengi huharibu kila kitu, kwa maana hewa hufuata njia nyepesi, na mwanya mdogo kando ya pua huingiza hewa isiyochujwa hata kama kitambaa ni bora kuliko vyote. Mkanda wa juu ukae utosini, wa chini shingoni chini ya masikio, wala isipishane. Waya wa pua ukandamize kwa vidole vya mikono yote miwili, ukianzia katikati kwenda pembeni. Ukiubana kwa mkono mmoja, utajikunja na kuacha tundu. Kisha funika barakoa kwa viganja na upumue nje kwa nguvu: ukihisi upepo machoni au mashavuni, irekebishe, na ikishindikana, tafuta umbo au saizi nyingine. Ndevu, hata zile fupi zinazochipua, huvunja mshiko huo.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali: Mkuu, nina haraka, nitajie moja tu iliyo bora.
Jibu: Hukusema unajikinga na nini. Rudi hatua ya 1.

Swali: Naweza kuifua?
Jibu: Hapana. Wala usiipulizie spiriti.

Swali: Samahani mwalimu, kwa nini spiriti iiharibu ilhali nyuzi hazikatiki?
Jibu: Umeuliza vema, ndugu yangu. Nyuzi hizo hubeba chaji ya umeme tuli inayonasa chembe, na spiriti huiondoa. Barakoa itaonekana mpya, lakini uwezo wake utakuwa umeshuka sana.

Swali: Majaribio hutumia chembe za takriban mikroni 0.3 (mikroni ni sehemu ya elfu moja ya milimita). Je, zilizo ndogo zaidi hazipenyi?
Jibu: La, hunaswa kwa urahisi zaidi, kwa sababu hutangatanga ovyo hewani hadi kugusa uzi, na zile kubwa hugonga nyuzi kwa kushindwa kukata kona. Zinazosumbua ni za kati, ndiyo maana kipimo kiliwekwa hapo.

Swali: Yenye vali (kilango cha kutolea pumzi) inafaa?
Jibu: Kwa vumbi inafaa, na hupunguza joto. Ikiwa wewe ndiye mgonjwa, usiivae, kwani pumzi yako hutoka bila kuchujwa.

Swali: Miwani yangu huingia ukungu, nipake sabuni?
Jibu: Usipake kwanza. Ukungu huo ni pumzi inayovuja juu ya pua. Kandamiza waya upya, kisha urudie jaribio la viganja.